TUTEMBEE INCHI ZA WATU: Pwani ya Shaba katika Irlandi



Mwezi huu ukurasa wetu unatupeleka mbali, Ulaya, katika inchi ndogo ya mvua na majani mabichi: Irlandi. Ni kisiwa kinachokaa upande wa mangaribi ya Uingereza. Kwa nini Irlandi? Kwa sababu kule kusini-mashariki, katika jimbo la Waterford, kuna kipande cha pwani cha kilometa karibu 25 ambacho wenyeji wanakiita Copper Coast. Kwa luga yetu: Pwani ya Shaba. Ndiyo, umesoma vizuri. Shaba, ile yetu ya kila siku.

Watu wa kule walichimba, wakajenga shemine, wakaweka mashini, wakajaza meli. Kisha mina ikafungwa na watu wakaondoka. Leo wageni wanakwenda pale siku za konji, pamoja na watoto wao, kuangalia kile kilichobaki. Basi, tutembee pamoja nao. Tukimaliza, tutaulizana jambo moja tu: mina ikifungwa, ni nini inayobakia kwa watoto?

Irlandi na Katanga

Mbele ya kuanza safari, tukumbuke kwamba wazee wetu waliwajua watu wa Irlandi. Nyuma ya uhuru wa 1960, ONU ilituma askari wa inchi nyingi katika Kongo, na watu wa Irlandi walikuwa kati yao. Tarehe 8 Novemba 1960, askari wao tisa walikufa Niemba, kaskazini mwa Katanga. Mwezi wa Septemba 1961, wengine karibu 155 walizungukwa katika muji wa Jadotville, ule tunaouita leo Likasi. Walipigana siku tano. Maji yakawaishia, risasi zikawaishia, wakajitoa. Hakuna hata mumoja wao aliyekufa pale, na nyuma ya wiki kadhaa waliachiliwa. Upande wa wale waliowashambulia, watu walikufa, na jamaa zao walilia.

Hatuandiki hayo kwa kufufua magomvi. Tunataka tu mujue kwamba jina la muji wetu mumoja wa shaba linajulikana kule Irlandi. Mwaka 2016 ilitoka hata filme juu ya vita vile. Lakini ni wangapi kwetu wanaojua kwamba Irlandi nayo ilikuwa na shaba?

Tuanzie Waterford

Mugeni anayetoka Dublin, muji mukubwa wa inchi, anapanda treni mpaka Waterford. Huu ni muji wa zamani kupita yote ya Irlandi. Ulianzishwa mwaka 914 na Wavikingi, watu wa meli na vita waliotoka upande wa kaskazini. Kando ya muto Suir kuna munara wa mawe wa muviringo, Reginald's Tower. Ukuta wake ni munene sana. Leo ndani yake kuna vitu vya wale Wavikingi, na watoto wa masomo wanapelekwa kuviangalia.

Hatua chache kutoka pale kuna nyumba ya kioo, House of Waterford Crystal. Unalipa tikiti, unaingia, unaona tanuru linavyowaka, namna mutu anavyopulizia kioo cha moto kikavimba sawa kibofu, na namna mwingine anavyokichonga kwa gurudumu mpaka kinametameta. Hapo musomaji wa kwetu asimame kidogo. Kazi hiyo ilianza mwaka 1783, ikafungwa 1851, ikaanza tena 1947. Kisha, mwezi wa Januari 2009, kiwanda kikubwa kilisimama tena. Wafanyakazi walikataa kutoka. Wakakaa ndani ya jengo wiki nyingi. Mwaka 2010 ilifunguliwa nyumba mupya katikati ya muji, ndogo kuliko ile ya kwanza. Ile ndogo ndiyo wageni wanayoitembelea leo. Mutu aliyeona Gécamines ikisimama hatahitaji kuelezwa maneno hayo mara mbili.

Wakristo wanapenda kupita vilevile Mount Sion, kwenye kaburi la Edmund Rice. Huyu alikuwa mufanya biashara mwenye mali. Mwaka 1789 muke wake alikufa, akamuachia mutoto mumoja mwanamuke mwenye kilema. Huzuni ile haikumufunga mikono. Aliuza biashara yake, na mwaka 1802 akaanza kufundisha watoto maskini ambao masomo yaliwakataa kwa kukosa falanga. Kutoka kwake kulizaliwa shirika la mafurere walimu, ambalo lilijenga masomo katika inchi nyingi. Mwaka 1996 Papa Yoane Paulo wa Pili alimutangaza kuwa Mwenyeheri. Wazazi, mukiwaeleza watoto habari moja tu kutoka ukurasa huu, muwaeleze hii.

Tramore na mutu wa chuma

Kutoka Waterford, otobisi inakufikisha Tramore kwa nusu saa. Hapa ni fasi ya kupumzika: muchanga urefu wa kilometa karibu tano, michezo ya watoto, vijana wanaosimama juu ya ubao na kuteleza juu ya mawimbi. Kuna harufu ya samaki na ya viazi vya kukaanga.

Lakini ukiangalia ngambo ya ile gema, utaona minara mitatu myeupe. Juu ya ule wa katikati kuna sanamu ya baharia wa chuma, ananyoosha mukono kuelekea bahari. Watu wanamuita Metal Man. Hakusimamishwa pale kwa mapambo. Mwezi wa Januari 1816, meli Sea Horse ilikuwa inarudisha askari, pamoja na bibi zao na watoto wao. Zoruba iliisukuma ndani ya gubu la Tramore, ikavunjika. Zaidi ya watu 360 walikufa. Wakapona karibu 30 tu. Nyuma ya hasara ile ndipo minara ilijengwa, mwaka 1823, kusudi mabaharia waione kwa mbali, wasiende kufikiri kwamba pale ni bandari ya salama.

Watu wa kule wanasema kwa kucheka kwamba musichana akizunguka munara mara tatu kwa mugulu mumoja, bila viatu na bila kusema neno, ataolewa mbele ya mwaka kwisha. Wasichana wetu, hata munara ungekuwa karibu, tungewashauri sala na akili kuliko kuruka kwa mugulu mumoja!

Pwani ya Shaba yenyewe

Sasa tunafika. Barabara ndogo inafuata bahari kutoka Tramore kuelekea Dungarvan, inapanda na kushuka, na kila upande kuna kijiji: Fenor, Dunhill, Annestown, Boatstrand, Bunmahon, Stradbally. Ni vijiji vidogo. Annestown, wenyeji wanajivuna kwamba ni kijiji cha pekee katika Irlandi nzima kisichokuwa na baa. Mama wengi watakaosoma hii watauliza kama kule kuna kiwanja cha kuuza.

Mawe ya pwani hii ni kitabu. Miaka milioni karibu 460 iliyopita, hapa palikuwa chini ya bahari, na volkano zilikuwa zinatapika moto. Leo Irlandi haina volkano hata moja inayowaka, lakini mawe meusi, mekundu na ya majivu bado yamesimama kwenye gema, sawa moto ulizimika jana. Wandugu zetu wa Goma, wanaoishi chini ya Nyiragongo, wangeyatambua. Nyuma ya moto ule, maji ya moto yalipita ndani ya nyufa za mawe, yakaacha shaba ndani. Kwa hiyo shaba ya kule haikulala kwa tabaka kubwa kama ya Katanga. Ilikaa kwa mishipa myembamba, na muchimbaji alipaswa kuufuata muchipa kila fasi unapokwenda.

Ni juu ya mawe hayo na ya ile mina ya zamani, ndiyo sababu mwaka 2001 pwani hii iliingia katika hesabu ya jioparki za Ulaya, na mwaka 2015 UNESCO ikaipa jina lake. Jioparki si bustani yenye ukuta na mulinzi kwenye mulango. Watu wanaishi ndani, wanalima, wanachunga ngombe. Ni inchi ambayo mawe yake yana habari, na wenyeji wamekubali kuichunga na kuieleza.

Unaweza kufanya nini pale? Fenor kuna njia ya mbao juu ya matope, unatembea bila kulowa na unaangalia ndege na maua ya maji. Dunhill kuna magofu ya ngome ya zamani, na chini yake njia ya miguu inayofuata muto mudogo Anne. Kandokando ya muto ule wamepanda majani ya matope ndani ya vidimbwi, kimoja nyuma ya kingine. Maji machafu ya kijiji yanapita pole pole ndani ya majani, na yanapofika mutoni yamesafika. Hakuna mashini kubwa, ni majani na uvumilivu. Sisi ambao mito yetu inabadilika rangi, tungefanya vizuri kuijua kazi ile.

Pale Bunmahon kuna muchanga muzuri, lakini muogeleaji awe na akili: maji ya pale yanavuta watu. Kuna bustani ndogo ya mawe inayoeleza historia ya inchi. Na fasi ya kupokea wageni, ni kanisa. Lilikuwa kanisa la Waprotestanti; waaminifu walipungua mpaka likafungwa. Watu wa vijiji hawakuliacha lianguke. Walilitengeneza, na leo mugeni anaingia mule kujua habari ya mawe na ya wachimbaji. Sisi ambao makanisa yetu yanajaa mpaka inje, habari hiyo inatuchoma kidogo. Lakini kuta zilizokuwa za sala, afazali zieleze jasho la watu kuliko kubomoka.

Mina ya Tankardstown

Kilometa moja ao mbili kutoka Bunmahon, juu ya gema, unaona nyumba ya mawe isiyo na paa, na shemine yake kando. Mbele yake ni bahari tu. Hapo ndipo mina ya Tankardstown. Unaacha gari kando ya barabara, unafika kwa mugulu, hulipi kitu. Ile nyumba ilikuwa ya mashini ya mvuke. Kazi ya mashini ile ilikuwa kunyonya maji kutoka chini, kwa sababu bila hiyo mashimo yangejaa na wachimbaji wangekufa ao kukosa kazi.

Kompani iliyochimba iliitwa Mining Company of Ireland, iliyoanzishwa mwaka 1824. Ilichimba Knockmahon, kando ya Bunmahon, kisha Tankardstown. Katika siku zake za nguvu, zaidi ya watu elfu moja walipata mukate pale. Wanaume walishuka kwa ngazi, na mushumaa ndio ulikuwa lampe yao. Juu, wanawake na watoto walikaa na nyundo, wakavunja mawe, wakayachagua, wakayaosha: yenye shaba huku, ya bure kule. Muzazi unayesoma, unafikiri mara moja juu ya watoto wetu wanaoosha mawe kando ya mito ya Kolwezi na Kambove. Basi ujue: katika Ulaya vilevile mutoto alivunja mawe, na watu walipaswa kupiga kelele na kuandika sheria kwa kumutoa pale na kumupeleka masomoni. Haikutokea yenyewe.

Shaba haikuyeyushwa pale. Meli ziliipeleka Swansea, inchi ya Wales, ngambo ya bahari, kwa sababu Swansea ilikuwa na makala ya mawe mengi. Meli zilikwenda na shaba, zikarudi na makala ya kulisha mashini. Kwa hiyo hata zamani zile, wenye jiwe walichimba, na wengine ndio walioyeyusha. Hata hii mwaijua.

Halafu mishipa ikaanza kukauka. Shaba ya inchi zingine, Chile na Amerika, ikajaa kwenye soko na bei ikashuka. Mbele ya mwaka 1880 mambo yalikuwa yamekwisha. Mashini zikanyamaza, maji yakapanda, watu wakafunga mizigo. Wengi walivuka bahari. Wachimbaji wa Irlandi, wa pwani hii na wa Allihies katika jimbo la Cork, walikwenda mpaka Butte, muji wa shaba katika Montana, Amerika. Mukono unaojua nyundo unatafuta jiwe lingine. Waliobaki walirudia mashamba na samaki.

Leo mashimo yenyewe yamefungwa, hushuki chini. Unasimama juu, unasoma vibao, unasikia upepo. Ukiangalia gema kutoka kwenye muchanga, bahari ikiwa imerudi nyuma, utaona milango ya mashimo ndani ya jiwe, na rangi ya majani inayoteremuka juu ya ukuta. Mutoto yeyote wa Likasi angesema mara moja ni kitu gani. Kisha angeokota jiwe. Lakini pale hawaruhusu kuchukua.

Kufuata muto Mahon

Jina Bunmahon, kwa luga ya zamani ya Irlandi, maana yake ni fasi muto Mahon unapomalizikia. Basi tuufuate muto ule kwenda juu, mbali na bahari. Unapanda mpaka milima ya Comeragh. Kule maji yanaanguka kutoka kwenye jiwe, urefu wa metre karibu 80: ndiyo Mahon Falls. Njia ya miguu ni fupi, hata bibi muzee na mutoto mudogo wanafika. Kondoo wanatembea bila muchungaji na hawaogopi watu.

Katikati ya njia, muto unapita Kilmacthomas, chini ya daraja la treni la mawe lenye matao manane. Treni haipiti tena. Njia ile ya reli ilifunguliwa mwaka 1878, ikapeleka watu kutoka Waterford mpaka Dungarvan, lakini mwaka 1967 abiria walikatazwa, na nyuma yake majani yakaota juu ya vyuma. Je, walifanya nini? Mwezi wa Machi 2017 walifungua njia ya kinga na ya miguu juu ya ile reli ya zamani: kilometa 46, Waterford Greenway. Magari hayaingii. Jamaa nzima wanakodisha kinga, baba mbele, mama nyuma, watoto katikati. Wanapita juu ya madaraja, wanapita ndani ya shimo la mulima la Ballyvoyle, metre karibu 400 za giza na matone ya maji, kisha wanatokea upande wa pili, bahari ikiwa mbele ya macho. Upande wa Kilmeaden kuna treni ndogo ya kufurahisha watoto.

Ona basi: reli iliyokufa haikuuzwa yote kama chuma cha kukata. Njia yake ilichungwa, na leo inaleta mugeni, na mugeni ananunua chai na mukate katika vijiji.

Ardmore, kwa wale wanaopenda kusali

Ukiendelea mbele ya Dungarvan, unafika Ardmore. Desturi ya kanisa la kule inasema kwamba Mutakatifu Declan alihubiri Injili hapa hata mbele ya Mutakatifu Patrick, mutume wa Irlandi. Kuna munara wa mawe wa muviringo, metre karibu 30, mwembamba sawa penseli, wa miaka ya 1100. Kuna magofu ya kanisa lenye picha za Biblia zilizochongwa ukutani: Adamu na Eva, na hukumu ya Sulemani. Zamani zile wengi hawakujua kusoma, basi jiwe liliwasomea. Kuna kisima cha Declan na njia nzuri ya gema, kilometa karibu nne. Kila mwaka, mwisho wa Julai, waaminifu wanakusanyika kwa siku yake. Na wenye miguu ya nguvu wanatembea njia ya kilometa 115 kutoka Cashel, St Declan's Way, wakisali.

Kwa mutu atakayekwenda

Wengi wetu hatutafika, tusidanganyane. Lakini wako wenye ndugu ao mutoto kule Ulaya, na wandugu Wakongomani wanaishi hata katika Irlandi. Muwaambie hivi:

- Waende kati ya mwezi wa Mei na wa Septemba. Lakini koti la mvua lisibaki nyumbani hata mwezi wa Julai.
- Falanga ya pale ni euro. Kutembea kwenye pwani, kwenye mina na kwenye Mahon Falls ni bure. Kioo na treni ndogo ni kwa tikiti.
- Gema ya bahari haina uzio kila fasi. Mutoto ashikwe mukono.
- Luga ni Kiingereza. Karibu na Dungarvan, upande wa Ring, utasikia watu wakisema Kiirlandi, luga ya babu zao. Wanaichunga kwa bidii, sababu ilikuwa karibu kupotea.

Na sisi?

Sasa tujibu lile swali letu.

Tusiseme kwamba wageni watarudisha kila kitu. Hapana. Pale ambapo watu zaidi ya elfu moja walichimba, leo kazi ya kupokea wageni inalisha watu wachache, na wakati wa baridi wageni wanapungua. Mina ikifungwa, ni kidonda, na kidonda hakiponi kwa picha nzuri. Wajukuu wa wale waliokwenda Butte hawakurudi.

Lakini watu wa Pwani ya Shaba walichunga vitu vitatu. Kwanza, jengo: hawakubomoa nyumba ya mashini kwa kujengea zizi. Pili, majina: wanajua ni nani alichimba wapi, na mwaka gani. Tatu, heshima: hawakuona haya kusema kwamba babu yao alikuwa mutu wa nyundo na mushumaa. Vitu hivyo vitatu havinunuliwi. Na ukiviacha vipotee, hata tajiri hawezi kuvirudisha.

Kwetu kuna nini? Wazee wetu waliyeyusha shaba mbele ya muzungu kufika, wakatengeneza misalaba midogo ya shaba iliyokuwa falanga zao. Leo iko katika nyumba ya makumbusho ya Lubumbashi. Kuna ile shemine ndefu ya Lubumbashi na mulima mweusi kando yake. Kuna Kipushi, mina iliyosimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Kuna makambi ya wafanyakazi, makanisa yao, fanfare zao, masomo yao. Kuna Kamoto, ambako udongo uliporomoka mwaka 1990. Na kuna wazee walioshuka chini miaka 30, wanaokohoa leo kwenye kiti mbele ya nyumba, na hakuna anayewauliza kitu. Muzee mumoja akifa, ni shimo moja limejaa maji.

Na habari ya watoto? Hiyo nayo ni urizi. Siku moja wageni watasimama kando ya mashimo ya Kolwezi, na mutu wa kwetu atawaeleza. Atasema nini? Kwamba watoto walivunja mawe pale mpaka mwisho? Ao kwamba watu wa kanisa na wa kambi walisimama, wakawapeleka darasani? Hiyo bado haijaandikwa. Ni sisi tunaoiandika sasa.

Fungueni kitabu cha Yobu, sura ya 28, musome pamoja nyumbani. Mutashangaa: mule munaelezwa kazi ya muchimbaji, shimo lake na giza lake, kama mwandishi alikuwa mutu wa mina. Lakini sura ile haiishi kwa shaba wala kwa zahabu. Musome mpaka mwisho, muone inatafuta kitu gani kingine.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi cha vijana

1. Katika jamaa yetu, ni nani wa kwanza aliyekuja kufanya kazi ya mina? Alitoka wapi? Alifanya kazi gani?
2. Katika mutaa wetu, ni jengo gani la zamani ambalo lingefaa lichungwe?
3. Mutoto gani karibu nasi anaosha mawe saa ya masomo? Tunaweza kufanya nini kwa ajili yake mwezi huu, si mwaka ujao?

Kazi ya vijana: kila mumoja amutembelee muzee mumoja aliyefanya kazi chini. Umuletee kitu kidogo, sukari ao sabuni. Umusikilize. Uandike katika kaye jina lake, mwaka alioanza, shimo alilofanya, na wimbo ao mizaha waliyokuwa nayo kazini. Kaye mubaki nazo katika parokia ao katika kanisa lenu, fasi ambayo mvua haiingii.

Mubaki na amani. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda, katika inchi nyingine.